Mistari Miwili Niliyoiruka

Hospitali ya Misheni,
Karagwe,
Jumatatu, 11 Oktoba 1954

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Melkiory Rwegoshora,
Kaisho.

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Tata. Kabla ya kushika kalamu nimepiga magoti kukuamkia kama inavyonipasa, ingawa ni juu ya sakafu ya saruji na hapakuwa na wa kuniona ila Renatha mkunga, ambaye alinicheka. Nakuamkia tena kwa maandishi, wewe na Mama.

Hali yangu ya mwili ni nzuri. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwezi wa nane kimekwisha. Hali ya moyo si nzuri, na sababu yake mtaisikia humu. Natumaini goti lako limepoa, na Mama amepumzika na lile jino, na kahawa iliyoko kwenye mikeka haikulowa na mvua hizi za ghafla. Msalimieni shangazi pamoja na ndama wake, maana nimesikia amempa jina la masomo yangu, anamwita Propedeutika. Habari hiyo ilipofika hapa wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia peke yangu.

Barua yako, ile uliyomwambia katekista Elpidius aandike, nilikabidhiwa Jumamosi na Aristides, dereva wa lori la kahawa. Nimeisoma mara nyingi hata karatasi imeanza kulegea kwenye mikunjo. Unaniambia kuwa Kokushubira, mke wa kaka yangu Placidius, ana mimba ya miezi minane na hali yake si ya kawaida. Miguu imevimba hata mtu akibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Asubuhi uso umejaa mpaka macho yanafinyika. Kichwa kinamgonga siku nzima, na majuzi akiwa amekaa mlangoni alisema anaona vimulimuli, na ilikuwa saa sita mchana. Unaniambia pia kwamba Placidius alikwisha kata miti ya kufungia machela ya engozi ili abebwe aletwe huku, lakini wewe ukamwambia aiweke chini. Ulisema hamwezi kumbeba mwanamke mwendo wa siku mbili akaguswe na wageni, wakati Propedeutika wa nyumbani kwenu, yaani mimi, atakuja likizo ya Watakatifu Wote, zimebaki wiki tatu tu. Ulisema wote wamekubali. Ulisema hata Kokushubira mwenyewe amefurahi kwamba atahudumiwa na wifi yake.

Baba, wiki tatu hazipo. Naomba hili ulisikie kwanza kabla ya mengine yote, na kama kuna mtu anataka kutoka nje, alisikie hili ndipo atoke. Kokushubira aletwe hospitali sasa. Aristides atafika kwenye ghala la kahawa la huko Jumanne jioni, Jumatano atapakia magunia, na Alhamisi asubuhi mapema atarudi huku. Nimeongea naye, na barua hii anaileta yeye. Amekubali kuacha nafasi mbele, kando yake, na atamsubiri mpaka jua lichomoze vizuri. Kutoka nyumbani hadi ghalani ni mlima na bonde, na Kokushubira hawezi kutembea wala asijaribu, kwa hiyo inatakiwa engozi na vijana wa kupokezana. Pembe la kuwaita watu wa engozi limetundikwa nyumbani kwako, na wewe ndiwe mkubwa wao. Placidius akilia, watu watatoka nje kumtazama tu. Wewe ukilipiga, watakuja na kamba mikononi. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si yeye.

Mpaka siku hiyo alale kwa ubavu, mahali penye kivuli na pasipo kelele. Asichote maji, asiiname shambani, na chakula chake kisitiwe chumvi. Ile dawa ya mizizi mliyosema anakunywa asubuhi na jioni, aiache mpaka aonwe. Haya si maneno yangu. Nimeyapokea kwa Sista Adelgunda, ambaye ndiye mkubwa wa wakunga na ndiye anayetufundisha, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

Najua sasa unavuta kiko chako. Najua utauliza kwa nini niwasumbue watu wakati elimu ninayo. Ngoja nikueleze.

Jumamosi ile nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda mbio kwa Renatha. Huyu ni mtu wa Muleba, amezalisha wanawake miaka sita, na maneno yake hayana sukari. Nilimsomea dalili zote, moja baada ya nyingine. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Nilipofika kwenye vimulimuli aliacha kukunja. Aliniuliza tumbo lina miezi mingapi, nikamwambia, akaniuliza barua imekaa njiani siku ngapi, nikamwambia tano. Hapo akanishika mkono akanipeleka kwa Sista bila hata kuvua aproni. Njiani alinieleza kwamba mwaka jana alipokea mwanamke wa namna hiyo, aliyengojeshwa nyumbani kwa sababu mume alikuwa safarini. Alifika akiwa ameanza kutupa mikono na miguu na kuuma ulimi. Mtoto hakuokoka, na mama naye alizikwa siku ya tatu. Wengine kama yeye, waliowahi, walilazwa, wakatazamwa kila saa, wakajifungua na kurudi kwao kwa miguu yao. Sikuongeza neno wala sikupunguza katika haya.

Nilimwomba Sista ruhusa nije nyumbani siku ileile. Sista Adelgunda ni mtu mrefu, na anapofikiri hutazama mikono ya mtu badala ya uso. Aliniuliza, nikifika nitamfanyia nini. Nikaificha mikono nyuma. Akaniambia nijibu, kwa kuwa swali hilo si la kunikomoa. Nikasema nitamtandikia kitanda vizuri. Baba, kwa kweli hicho ndicho nilichopata cha kusema. Naye akasema ni kweli, nitamtandikia vizuri sana, na Kokushubira atakufa kwenye kitanda kilichotandikwa vizuri. Alinikatalia.

Sasa nakueleza hiyo propedeutika ni kitu gani, maana umelitaja neno hili kanisani, kwenye mnada, na kwenye pombe ya rubisi ya kila nyumba, na hujawahi kulisikia likielezwa na mtu anayesema kweli.

Ni neno la watu wa vyuo, limetoka mbali, na hata huku halitumiwi na kila mtu. Padri analitumia kwa vijana wanaojiandaa kuingia seminari, na Sista analitumia kwetu. Maana yake ni mafunzo yanayotangulia mafunzo. Mtu hajaanza kufundishwa kazi yenyewe, anafundishwa namna ya kuwa mtu anayeweza kufundishwa. Ukitaka kupanda mgomba, Baba, unachimba shimo kwanza na kutia samadi, na hakuna jirani anayekuja siku hiyo na kisu kukata mkungu. Mimi ni shimo. Nimechimbwa miezi miwili tu, na samadi yenyewe haijaoza.

Kazi zetu ni hizi. Alfajiri tunafagia wodi na kupiga deki. Tunatandika vitanda, na kona za shuka zikilegea Sista anazivuta zote tunaanza upya. Tunachemsha maji na kuhesabu dakika kwa saa ya ukutani, ambayo wengine hatukujua kuisoma tulipofika. Tunahesabu mapigo ya mkono, lakini ni ya sisi kwa sisi, si ya wagonjwa. Tunaandika tarakimu ubaoni na kuzisoma kwa sauti, na anayesoma vibaya anasimama. Mgonjwa haturuhusiwi kumgusa ila kumpa maji ya kunawa. Kofia ile nyeupe ambayo Mama anaiuliza kila mara sijaivaa. Tunafunga vitambaa vya kichwa, kama wanawake wanaokwenda shambani.

Na kuna somo moja ambalo Sista alilitoa siku ya kwanza kabisa, akasema asiyelijua hilo hata akijua mengine yote atamrudisha kwao. Alitufundisha kusema: sijui, ngoja nimwite anayejua. Alitusimamisha mmoja mmoja, akatuuliza mambo makubwa ya dawa ambayo hakuna msichana wa darasa la sita anayeyajua, na tulitakiwa kujibu kwa maneno hayo tu. Wengine waliona haya wakajaribu kubahatisha. Mimi nilijibu vizuri, Sista akanisifu. Nilikaa chini uso ukiniwaka, kwa sababu nilijua kuwa mimi ndiye niliyestahili kurudishwa kuliko wote mle ndani.

Baba, nimefika mahali penyewe. Nimekaa juu ya mstari huu tangu kengele ya mchana, na Renatha amepita mara mbili akiniuliza kama nimekufa.

Unakumbuka siku barua ya Sista ilipofika nyumbani, mwezi wa saba. Watu wa Rwezaura walikuwa wamekuja mara ya pili kuniposa, na wewe ulikuwa umewaambia wangojee barua hiyo. Asubuhi ulisema mbele ya Mama kwamba kama misheni wananiita kwa elimu ya kweli utaniachia niende, lakini kama ni kuitwa kufagia, kufagia kupo hapa na kwa Rwezaura kupo pia. Kisha ukanipa barua nisome, kwa kuwa katika nyumba yetu mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Ulikaa kwenye kigoda, ukaweka mikono juu ya magoti, na ukaniamini.

Barua ilisema nimekubaliwa kuingia mwaka wa propedeutika. Nililisoma neno hilo kwa sauti kubwa. Baada yake palikuwa na mistari miwili. Niliiona, Baba. Niliisoma kwa macho nikaielewa, na mdomo wangu ukairuka ukaenda kwenye salamu za mwisho. Ukaniuliza neno hilo maana yake nini. Nikakwambia ni elimu ya juu ya kutibu, na kwamba hata wakunga wako chini yake. Hakuna mtu aliyenifundisha uongo huo wala aliyenituma. Niliutunga pale pale nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kwenda kwa Rwezaura, na kwa sababu nilitaka kitu hiki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Wewe ukasimama ukacheza, na goti lile bovu. Sijapata kukuona ukicheza ila siku hiyo.

Nilidhani uongo wangu utakaa kati yangu na wewe, na baada ya miaka nikiwa muuguzi kweli utakuwa umejifuta wenyewe. Sikufikiri kuwa utautembeza. Sikufikiri kuwa watu watakuita Baba Propedeutika na utaitika. Na Mungu ni shahidi wangu, sikufikiri kamwe kwamba mwanamke mgonjwa atalazwa nyumbani kuungojea. Kokushubira ndiye aliyenisuka nywele asubuhi niliyoondoka. Akifa, nitakuwa nimemuua mimi kwa mdomo huu, na hakuna kitubio kitakachonitosha.

Sista nimemwambia yote jana baada ya Misa. Hakunipigia kelele. Alisema kuwa anayeruka mistari ya barua anaweza kuruka mistari ya chupa ya dawa, na kwamba hajaamua bado kama nitaingia kwenye mtihani au nitarudishwa. Alisema angeweza kuandika mwenyewe barua hii na kuipiga muhuri, lakini hatafanya hivyo, kwa sababu wewe hukumwamini yeye, uliniamini mimi. Kwa hiyo huenda nikaja nyumbani kabla ya Watakatifu Wote, nikiwa na sanduku langu. Ukitaka kunipeleka kwa Rwezaura siku hiyohiyo sitafungua kinywa. Ila Kokushubira apande lori kwanza.

Sasa nina neno na wewe unayesoma barua hii kwa sauti, katekista Elpidius. Shikamoo, Mwalimu. Nakuheshimu kwa yote uliyonifundisha, na kwa heshima hiyohiyo nakuomba usinifanyie wema. Nakujua. Wote tunakujua, na tunakupenda kwa hilo. Barua ya mjomba ilipofika kutoka Buganda ikisema amekufa na amezikwa, ulimwona Bibi amekaa pale na moyo wake mdogo, ukasoma kwamba ni mgonjwa sana. Tukamwombea apone Jumapili mbili mfululizo, mtu aliye kaburini. Hakuna aliyekulaumu, maana mtu mwenye huruma hupooza maneno ya moto kabla hajayaweka kwenye masikio ya mzee. Leo usipooze. Usiruke pale niliposema nilidanganya. Usisome kwamba nina kazi nyingi, wala usisome kwamba Sista ndiye anayeamuru. Soma kama ilivyoandikwa, na uyageuze kwa Kinyambo yote, polepole, Mama na Kokushubira wakiwepo.

Na kuna jambo jingine baina yetu, Mwalimu. Siku ya kuniaga Baba alikuletea ile barua ya Sista ushike, akakuonyesha kwa kidole neno lenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona macho yako yakienda mbele ya kidole. Kisha uliniangalia, ukaikunja barua, ukamwambia Baba ni neno zuri. Wakati ule nilikushukuru moyoni. Leo sikushukuru. Tulikuwa wawili tuliojua, na tukamwacha mzee acheze peke yake.

Baba, barua ile iko ndani ya bati la chai, chini ya rozari ya Bibi. Najua unaitoa kila mgeni akija, na ingawa husomi, kidole chako kimelizoea lile neno refu hata huwezi kulikosa. Leo itoe. Weka kidole pale unapokiweka siku zote, halafu kisogeze kulia, na ushuke nacho chini. Mwambie Elpidius asome hapo. Ni mistari miwili tu. Inasema kwamba haya ni maandalizi, hayampi mtu cheo, wala ruhusa ya kumtibu mtu yeyote, na baada yake ndipo atakapopimwa kama anafaa kufundishwa. Imekuwa ndani ya nyumba yako muda wote huu. Huna haja ya kuniamini mimi tena, na sina haki ya kukuomba hivyo. Iamini hiyo.

Watu watasema. Najua. Utakapolipiga pembe Alhamisi watauliza Propedeutika wenu yuko wapi, na utakuwa umebeba aibu yangu kwenye bega lako pamoja na mti wa engozi. Lakini wewe ulipanda mlima na engozi ya watu wengi wasio wa damu yako, na hukuwahi kuuliza nani alikosea mpaka mgonjwa afike. Nakuomba hivyo na kwa huyu. Nigombeze mimi baadaye, nitakuwepo.

Naona karatasi inaniishia. Nisalimie Mama, na umwambie asinitetee. Mwambie Placidius asiitupe ile miti aliyoikata. Wasalimie majirani wote wa mtaa wetu, na mtunze hiyo kahawa isiote ukungu. Mwambie Kokushubira kwamba Alhamisi nitasimama barabarani tangu lori linapotegemewa mpaka lifike, na kitanda chake nimekwisha kitandika, kona zote nne, karibu na dirisha. Hicho ndicho ninachokijua. Mengine yote sijui, Tata, ila nimewaita wanaojua, nao wanamngoja.

Abaki na wewe Yeye asiyeruka neno.

Ni mimi binti yako,
Deodatha,
mwanafunzi wa maandalizi.